Falsafa ya Maji ya Kuoga

Jumatatu, tarehe 2 Juni. Bunia, mtaa wa Rwambuzi.

Mgongo unauma. Safari tisa kwenda chemchemi, safari tisa kurudi, na pusupusu, mkokoteni wa kusukuma wenye gurudumu bovu unaolia kama mbuzi wa sikukuu. Bidoni sita kila safari, madumu makubwa ya maji. Bomba la kituo chetu cha wazee limekauka tangu Pasaka. Tuna wazee kumi na saba, na wote wanataka kunywa, kunawa, kuoga. Isipokuwa bibi mmoja, Koko Akelo. Yeye hataki kuoga kabisa, wiki ya tatu sasa. Mungu ambariki! Katika nyumba hii yote ndiye peke yake anayeuhurumia mgongo wangu.

Ninaandika katika daftari jipya. Leo amefika Monsieur Hubert, bwana mrefu aliyekaribia kuwa padri kisha akaacha. Amekuja kuwafundisha wahudumu wetu falsafa. Siku tano. Falsafa! Watu wanaofuta mikojo ya wazee! Nilidhani atawaonyesha namna ya kumwinua mtu kitandani bila kuvunja kiuno. Hapana. Atawafundisha kufikiri. Kila mmoja amepewa daftari aandike anachowaza. Madaftari yaliachwa mezani bila mtu wa kuyalinda. Na mimi pia huwa ninawaza.

Jambo lenyewe ni hili. Yves, mhudumu wa vyumba vya nyuma, amekimbilia dhahabu. Nafasi yake iko wazi. Mama Suzanne, mkubwa wa kituo, ametangaza kwamba atakayefanya vizuri katika mafunzo ataichukua. Kazi ya ndani! Kivulini! Koti jeupe!

Nikaenda kutazama orodha. Simo. Evariste yumo. Evariste, sentineli wa langoni, mtu ambaye kazi yake ni kulala akiwa amesimama! Nikamuuliza Mama Suzanne kwa heshima zote. Akajibu kwamba Evariste ana diploma ya serikali, mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Je, diploma inabeba maji?

Halafu kuna Christella, mke wangu, kule ziwani upande wa Mahagi. Mwezi wa nne nilimwambia kwa simu kwamba nimekwisha kuwa mhudumu. Haukuwa uongo. Ilikuwa kweli iliyotangulia kidogo. Naye akaiambia kwaya nzima ya parokia. Jana amepiga simu: anapanda lori, Jumamosi atakuwa hapa kuniona ndani ya koti jeupe.

Nina siku tano.

Jumanne, tarehe 3 Juni.

Nimeingia!

Mtungi wa maji ya kunywa uko ndani ya chumba cha mafunzo. Niliamua kuujaza kikombe kwa kikombe. Nilikuwa kwenye kikombe cha arobaini hivi wakati Hubert alipouliza: mtu aliyesahau jina lake, bado ni yule yule? Martine, mhudumu wa zamani kuliko wote, akasema kwamba hapa hakuna mzee aliyewahi kusahau saa ya chakula, basi watakuwa ni wale wale. Watu wakacheka. Hubert hakucheka. Akanigeukia mimi. "Na weye, papa wa maji, unawaza nini?"

Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikasema basi hapana. Akauliza kwa nini. Nimepita vizuizi vyote vya barabara kutoka Mahagi mpaka Bunia, na hata askari wa kizuizi huuliza mara moja tu kisha unapita! Hasira zikanipanda. Nikamwambia: Muzee Léon husahau jina lake kila asubuhi, lakini mimi ninalijua, ninamwita, anaitika. Kwa hiyo halikupotea. Nimemshikia tu.

Hubert akaweka chaki chini. Akaniambia nikae.

Evariste akaruka kama aliyekalia siafu. "Huyu hayuko kwenye liste!" Hubert akajibu polepole kwamba falsafa haina lango, kwa hiyo haihitaji sentineli. Wahudumu wakapiga makofi. Ningemkumbatia, lakini nilikuwa nimelowa.

Baada ya mafunzo nilifanya safari zangu tisa zote. Mwanafalsafa au si mwanafalsafa, wazee wanakunywa.

Jumatano, tarehe 4 Juni.

Nimetapeliwa.

Kuna zoezi la mwisho siku ya Ijumaa, na Hubert ndiye atakayetoa alama. Mtu mwenye akili hufanya nini? Hutafuta majibu mapema. Hubert ana daftari jeusi ambalo hulisoma kila anapotuuliza. Mchana, alipokwenda kula maharage na wazee, nililichukua, nikajifungia chooni.

Kurasa sitini. Maswali matupu! Nilisoma kutoka mwanzo, nikasoma kutoka mwisho. Kumfanyia mtu mema kwa nguvu, bado ni mema? Heshima huanzia mkononi au machoni? Nani ana haki ya kusema kwamba mzee huyu ni mchafu? Hakuna jibu hata moja. Ukurasa wa mwisho tu ndio wenye maneno yasiyo na alama ya kuuliza: sabuni, kiberiti, maziwa ya unga.

Mtu anasafiri, anapewa chumba, anapewa kuku, na hajui! Kwetu mwalimu asiyejua jibu huona aibu. Huwatuma watoto wakafagie uwanja, naye anakimbia kuazima kitabu kwa jirani. Huyu anasimama mbele ya watu wazima na kutangaza kutojua kwake kwa sauti.

Nikamwonjesha Martine hasira yangu kidogo, bila kutaja choo. Akasema yeye anapenda. Akasema kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anawaza nini akiwa anamlisha mtu. Nikamwambia angoje, ataulizwa kwa nini mpaka ulimi uishe. Akaniambia, "Roger, weye unataka jibu kama bidoni. Ulijaze, ulifunge, ulibebe." Hata sikuelewa kama ni tusi.

Lakini mimi si mjinga. Kama hana majibu, basi na mimi sitakuwa nayo. Nimeyakariri maswali yake ishirini.

Alhamisi, tarehe 5 Juni.

Asubuhi ya utukufu! Kila swali la Hubert nilililipa kwa swali. Akiuliza kama mhudumu anaweza kumpenda kila mzee, ninauliza: na mapenzi ya kulazimishwa, bado ni mapenzi? Akiuliza uvumilivu ni nini, ninauliza: nani ana haki ya kuuomba? Hubert alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni. Evariste, na diploma yake, alijibu kila kitu kwa majibu. Maskini.

Tatizo ni kwamba nilipotoka nje ulimi uliendelea. Mpishi aliuliza maji yako wapi. Nikamuuliza: hakika tunajua maji ni nini? Kumbe alikuwa na sufuria kavu na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya watu ishirini na tano. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Suzanne. Mama Suzanne akanikuta nimekaa juu ya pusupusu ninafikiri. Akasema akinisikia tena ninauliza kitu kabla ya mapipa kujaa, nitakwenda kufikiria barabarani. Safari kumi na moja leo. Kumi na moja!

Jioni tukachagua karatasi za zoezi. Kila mmoja amhudumie mzee mmoja mbele ya Hubert, kisha aeleze alichofanya na sababu yake. Evariste akavuta karatasi yake: Muzee Léon, mzee wa Kpandroma, mpole kama viazi vya kuchemsha, anayenyoosha shingo mwenyewe akiona wembe. Mimi nikavuta yangu: Koko Akelo, kumwogesha.

Evariste alicheka mpaka akashika ukuta. Koko Akelo! Amemng'ata Martine. Amemtupia Yves kikombe, na wapo wanaosema ndiyo maana Yves akaona machimbo ni salama zaidi.

Basi nikafikiri. Koko ametoka kwetu, milima iliyo juu ya ziwa. Vita vilimfukuza. Hana mtu. Kiswahili chake ni kidogo; akiwa peke yake anaongea Kialuri, anamwita kaka yake Unencan aliyekufa zamani. Nani katika kituo hiki anasikia Kialuri? Mimi tu. Mzee hawezi kumng'ata jamaa yake!

Nikaingia chumbani, nikamsalimia kwa lugha yetu, nikamwambia kwamba mke wangu Christella ni binti wa Unencan.

Alilia. Alinishika mikono yote miwili. Mimi pia niliishika yake, kwa sababu mpango ulikuwa unakwenda vizuri. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Binti wa Unencan. Unencan, kaka yake. Yeye, shangazi wa binti. Mimi, mume wa binti. Kidole kikasimama. Aliachia mikono yangu kama kaa la moto, akavuta kitenge, akafunika uso mzima. Kutoka ndani ya kitenge akaniuliza nilizaliwa wapi, hata nisimame chumba kimoja na mama mkwe wangu.

Mama mkwe! Kwetu shangazi wa mke ni mama mkwe, na mimi, mtoto wa ziwani, sikuhesabu! Ningeweza kusema mjukuu. Ningeweza kusema mtoto wa dada. Katika ukoo mzima nimechagua mlango mmoja tu ambao mwanaume haruhusiwi kuupita! Sitamwona uso. Sitakula mbele yake. Na kumwogesha? Afadhali nimwogeshe mamba.

Ijumaa, tarehe 6 Juni.

Niandike kwa utaratibu.

Evariste alikuwa wa kwanza. Alimnyoa Muzee Léon, akamwogesha, akampaka mafuta, akamwimbia. Dakika ishirini. Alipoulizwa sababu, akasema usafi ni nusu ya afya. Akatoka anang'aa kuliko mzee.

Zamu yangu. Hubert na karatasi yake. Mama Suzanne. Martine, na kidole chake chenye alama ya meno. Wote nyuma yangu kwenye ukumbi. Na mimi mbele ya mlango, na beseni.

Niliwaza kukiri. Ningesema tu: Koko, nilidanganya, mimi si mkwe wako. Lakini kutoka ndani nilimsikia akijisemea, kwa sauti ndogo, kwamba mtoto wa Unencan ameolewa, ameolewa na mtu anayefanya kazi. Alikuwa akilirudia jambo hilo kama rozari. Nikaona nikikiri ataanza kupiga kelele mbele ya Hubert na nitapata sifuri. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Kwa hiyo niliweka beseni kwenye kizingiti. Sabuni juu ya kitambaa. Nikashusha pazia. Nikageuka, nikakaa chini, mgongo wangu mlangoni. Kisha nikamwomba ruhusa, kwa maneno ya kwetu mkwe anavyoomba: mama, maji yamefika, kama yanafaa yapokee, kama hayafai niyarudishe.

Akauliza kama ni ya moto. Nikasema ya vuguvugu. Akasema yeye hajawahi kuoga maji ya vuguvugu, yeye si mtoto mchanga. Nikaenda kuchukua ya moto. Akasema sasa yanachoma. Nikaleta ya baridi. Akauliza yametoka kisimani au chemchemini. Nikasema chemchemini, nimeyachota mwenyewe. Akauliza: mwenyewe? Nikasema mwenyewe, mama.

Nikasikia beseni likivutwa. Nikasikia maji.

Alioga mwenyewe! Kila kitu! Saa nzima na nusu! Ndani ya maji alianza kuimba wimbo wa kupepeta nafaka, na nilipomsikia nikajikuta ninaupiga kwa vidole kwenye sakafu. Martine aliketi chini kabisa. Alisema kwa miezi saba walikuwa wanaingia wanne: wawili wa mikono, mmoja wa miguu, mmoja wa sabuni. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama Suzanne alijifuta macho akasema ni vumbi.

Mimi nilijua nimeshindwa. Nilipewa kazi ya kumwogesha mtu, na sikumgusa hata kidole! Hubert akaniuliza kwa nini sikuingia. Nikasema siwezi kumtazama. Akauliza kwa nini. Tena! Nikachoka. Nikamjibu kwa ukali: kwa sababu ni mama wa watu! Kuna watu ambao ukiingia kwao bila kubisha, umewavua nguo kabla hata ya kuwavua nguo!

Hubert aliandika kurasa tatu. Aliniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikasema ni desturi tu. Mambo mengine hakuuliza, nami sikuona haja ya kumsumbua.

Jumamosi, tarehe 7 Juni.

Hakuna haki duniani. Ninaiandika kwa herufi kubwa: HAKUNA.

Christella alifika saa nne na mfuko wa samaki wakavu na kitenge cha sikukuu. Alikaa mstari wa mbele. Mama Suzanne akasimama kusoma matokeo. Nafasi ya Yves, ya vyumba vya nyuma, koti jeupe, kivuli: Evariste! Nilisimama nusu kabla ya kusikia vizuri. Evariste alikwisha kuvaa.

Kisha jina langu. Alama ya juu kuliko wote, amesema Hubert. Ya juu kuliko wote! Nikauliza basi koti langu liko wapi. Mama Suzanne akaeleza mbele ya watu. Koko Akelo ameapa kwamba ataoga kila siku bila kumng'ata mtu, sharti moja: maji yaletwe na mkwe wake, yachotwe na mkwe wake, na mkwe akae mlangoni amempa mgongo. Na leo alfajiri kina koko wengine watatu wamesema nao wanataka maji ya kubishiwa hodi. Kwa hiyo mimi ni mhudumu kamili, nina breve, cheti chenye muhuri. Mhudumu wa maji. Safari kumi na nne.

Kumi na nne! Niliingia katika falsafa ili nitoke katika bidoni!

Na msiba haukuishia hapo. Christella aliuliza: mkwe wa nani? Kabla sijamshika, Martine alikwisha kumpeleka chumbani kwa Koko kwa furaha zote. Nilibaki nje ninahesabu matofali. Nilimsikia Koko akiuliza kwa Kialuri: mtoto, wewe ni wa nani?

Christella hajui kudanganya. Ni kilema chake tangu nimemwoa.

Nje, mimi jasho. Kisha nikasikia mke wangu akijibu: "Wako, mama."

Alitoka macho mekundu. Alinivuta nyuma ya pusupusu. Alinikumbusha kwamba baba yake si Unencan, baba yake ni katekista, yuko hai, na nilikula samaki wake Noeli. Aliniita majina ambayo kwaya haiyajui. Kisha akasema yule mama hana mtu chini ya jua, na amemwambia ana uso wa Unencan. "Umemletea mutoto wa uongo, Roger. Sasa huyo mutoto ni mimi. Na yale maji utayapeleka, hata siku mgongo ukikatika utayapeleka kwa magoti." Alirudi ndani. Leo analala huko, kwenye mkeka wa Koko. Mimi ninalala na breve.

Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Hubert ameondoka jana. Aliposhika mkono wangu aliniuliza nimejifunza nini. Nikamuuliza: hakika kuna mtu anayejua alichojifunza? Karibu alie.

Christella amepanda lori alfajiri. Hakuniaga mimi. Alimuaga mama yake.

Leo nilikaa juu ya pusupusu, mapipa yakiwa yamejaa, nikafikiri kwa kina kama tulivyofundishwa. Nimeona kosa. Kosa halikuwa kudanganya. Kosa lilikuwa upande wa ukoo! Niliangukia kwenye ukwe. Mkwe ni mtumwa. Mtu mwenye akili huwa mpwa. Mpwa hufika kwa mjomba wake, hula, hupumzika, huchukua hata jogoo, na hakuna wa kumkemea. Na nani ni mzee mpole kuliko wote, mwenye chumba chenye kivuli na kiti cha pili? Muzee Léon. Nikikaa kwake kama mpwa, Evariste afanye kazi, mimi nizungumze na mjomba.

Saa sita nikamwendea. Nikamkumbusha jina lake. Nikamwambia kwamba mama yangu ni dada yake.

Alifurahi sana. Alianza kuhesabu kwa vidole.

Akasema asante Mungu. Akasema kwao mzee akishakuwa na mpwa karibu, hashikwi tena na mkono wa mgeni. Akamwambia Evariste apumzike. Kuanzia kesho mpwa ndiye atakayemnyoa, atakayemwogesha, atakayemgeuza kitandani. Na hataki maji ya chemchemi yetu, yana ladha ya bati. Anataka ya upande wa Mbunya, ambako kuna mlima kwenda na mlima kurudi.

Evariste amevua koti jeupe, amelitundika vizuri kwenye msumari, amekaa kwenye kile kiti cha pili. Anacheka mpaka sasa. Ninamsikia kutoka hapa.

Acha acheke. Nilipokuwa ninapita na bidoni nilimuuliza, kama mchezo tu, mama yake alitoka wapi. Amesema Mahagi, kwetu.

Vizuri sana. Kesho nina jambo la kifamilia la kumweleza.